Jua lote hili la Mwanza, vitamini D inapungukaje?

Swali:

"Habari za kazi, daktari. Nina miaka 36, naishi Bugarika, juu kabisa kwenye mawe, na nina watoto wanne. Kutwa nzima niko dukani mjini, tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, na navaa hijabu. Karibu mwaka sasa kiuno na mapaja vinaniuma, maumivu ya ndani kwa ndani, na kupanda zile ngazi za mawe kurudi nyumbani ni shida, lazima nijishikize. Nimepimwa nikaambiwa vitamini D yangu ni 14, iko chini, nikapewa vidonge vya 50,000 nimeze kimoja kila wiki kwa wiki nane. Mume wangu anasema nimeliwa hela, mtu wa Mwanza hawezi kukosa jua. Kaka yangu aliyeko Oman ametuma chupa ya vidonge vya 5,000 vya kila siku, na muuza dawa mmoja ananiambia nimeze vyote, maana vinazuia saratani, kisukari na kifua kikuu. Mtoto wangu wa mwisho ana mwaka na miezi minane, bado ananyonya, na miguu yake ina matege. Jirani anasema nimwanike jua la asubuhi na nimpasulie kidonge changu kimoja. Nifanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa maumivu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usimpasulie mtoto kidonge chako. Mtoto wa umri wake, akiwa hayuko chini ya matibabu, hatakiwi kuzidisha yuniti 2,500 za vitamini D kwa siku (yuniti ndizo zile zinazoandikwa IU kwenye chupa). Kidonge chako kimoja ni mara 20 ya hapo. Na wewe usichanganye chupa mbili. Vidonge ulivyopewa hospitali, ukivigawa kwa siku saba, ni kama yuniti 7,100 kila siku, dozi ya kutibu upungufu kwa muda mfupi. Ukiongeza 5,000 za kaka unavuka 12,000 kwa siku, wakati mtu mzima asiye na uangalizi wa daktari anashauriwa asipite 4,000. Chupa ya Oman iweke kabatini kwanza, nitakuambia matumizi yake.

Sasa mume wako. Hoja yake ina msingi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale inayotengeneza vitamini D inatufikia mwaka mzima. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, watu wanaoishi nje kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kipimo chako kimeandikwa kwa nanogramu, kwa hiyo gawanya hiyo 115 kwa mbili na nusu: wao walikuwa na 46, wewe una 14. Nchi ni moja na jua ni lile lile. Kilichowatofautisha ninyi ni saa ngapi ngozi inaliona jua hilo.

Kwenye ngozi kuna aina fulani ya kolesteroli. Mwale wa urujuanimno aina ya B ukiipiga, inavunjika na kugeuka, na kwa joto la mwili inakuwa vitamini D. Bila mwale huo kuigusa ngozi yenyewe, hakuna kinachotengenezwa. Kioo cha duka kinaupitisha mwanga na joto lakini mwale huu kinauzuia karibu wote, na kioo cha daladala vivyo hivyo. Bati linauzuia, na nguo nzito inauzuia. Rangi yetu nyeusi nayo, ambayo ni kinga nzuri ya ngozi dhidi ya kuungua, inaupunguza, ndiyo maana mtu mweusi huhitaji muda mara tatu hadi tano zaidi ya mweupe kupata kiasi kile kile. Mama anayeanika dagaa ufukweni Kayenze au Igombe, mikono wazi mpaka kwenye viwiko, anapata vya kutosha bila kufikiria. Wewe unaondoka nyumbani jua halijapata nguvu, unakaa nyuma ya kioo, unarudi jioni. Kwa hesabu ya ngozi yako, ni kama uko nchi ya mawingu.

Hapo ndipo ushauri wa "jua la asubuhi" unapokwama. Ushauri huu umeenea kiasi kwamba naomba uuelewe vizuri. Jua likiwa chini, mwale wake unakuja kwa mshazari na kupita kwenye hewa nyingi zaidi, na tabaka la ozoni linaula mwale wa aina ya B kabla haujafika kwetu. Jua la saa moja asubuhi linapasha mtoto joto, lakini vitamini D ndani yake ni karibu hakuna. Kipimo rahisi ni kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, unapata kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inafanyika. Na hapa Mwanza kuna jambo watu wengi hawalijui: saa ya Tanzania imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, ambazo ziko huko baharini, na sisi tuko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo jua letu la utosini halifiki saa sita kamili, linafika karibu saa saba kasorobo. Kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kivuli chako kitakuwa kifupi kuliko wewe mwezi wowote wa mwaka.

Kwako wewe, lengo liwe dakika 20 hadi 30, mikono na miguu ikiwa wazi, mara tatu au nne kwa wiki, ndani ya saa hizo. Hijabu si kikwazo. Siku za mapumziko tumia uani, penye ukuta au uzio, ukiwa na gauni la mikono mifupi, unafua au unachambua mboga. Siku za kazi, ukipata nafasi ya mchana, kunja mikono mpaka kwenye viwiko na usimame nje, si kibarazani. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayana neno. Huna haja ya kukaa masaa, kwa sababu ngozi ina breki yake: ikitosheka, jua linaanza kuivunja ile iliyozidi. Ndiyo maana hakuna anayezidiwa na vitamini D kwa jua, wanaozidiwa ni wa vidonge.

Ushauri huu wa jua la mchana haumhusu mtu mwenye ualbino, na kanda yetu ya Ziwa ina ndugu zetu wengi wa namna hiyo. Ngozi yake haina kinga, na saratani ya ngozi inaua. Yeye avae kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini, na kama vitamini D yake iko chini atumie kidonge. Vichanga nao wasianikwe mchana, wana matone yao nitakayoyataja mbele.

Vitamini D ikishatengenezwa inapita kwenye ini, kisha kwenye figo, na figo ndizo zinazoigeuza kuwa homoni kamili. Kazi kubwa ya homoni hiyo ni kufungua mlango wa kalsiamu kwenye utumbo mwembamba. Ikiwepo ya kutosha, unafyonza asilimia 30 hadi 40 ya kalsiamu iliyo kwenye chakula. Ikikosekana, unafyonza 10 hadi 15 tu, inayobaki inaishia chooni. Mwili hauwezi kuiacha kalsiamu ya damu ishuke, maana moyo na misuli vinaitegemea, kwa hiyo tezi ndogo za shingoni zinatoa amri mifupa ivunjwe ili kalsiamu ipatikane. Kwa mtoto anayekua mfupa unabaki laini na kupinda. Kwa mtu mzima haupindi, lakini unauma kwa ndani kwenye nyonga, mapaja, kiuno na miundi, na misuli mikubwa ya mapaja inalegea. Mtu anapata shida kuinuka kwenye kigoda au kupanda ngazi. Hali hii huitwa osteomalasia, na maelezo yako ya ngazi za Bugarika yanaifanana.

Yanaifanana, lakini hayajaithibitisha. Kipimo cha 14 peke yake hakitoshi. Kwa viwango vinavyotumika sana, 20 na kuendelea inatosha kwa karibu kila mtu, chini ya 12 ndiyo upungufu wa wazi, na wewe uko katikati. Osteomalasia mara nyingi huja kwa aliye chini zaidi ya hapo, au kwa mtu ambaye vitamini D iko chini na kalsiamu ya chakula pia ni haba. Omba upimwe kalsiamu, fosfeti (madini mengine ya mifupa), alikalini fosfatesi (kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiwa na shida) na kazi ya figo. Alikalini fosfatesi ikiwa juu na fosfeti ikiwa chini, mshale unaelekea kwenye mifupa. Zikiwa sawa zote, maumivu yako yatafutiwe chanzo kingine. Mwambie daktari pia dawa zote unazotumia au ulizowahi kutumia kwa muda mrefu. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitoni, rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI huichoma vitamini D mwilini haraka, na tenofovir, nayo ya virusi hivyo, kwa watu wachache huzifanya figo zipoteze fosfeti.

Nimetaja kalsiamu ya chakula, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo nusu ya habari inayosahauliwa. Kule Nigeria, watoto 123 wenye matege waligawanywa makundi: wengine walipewa vitamini D peke yake, wengine kalsiamu, wengine vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Waliopata kalsiamu, ikiwa peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopata vitamini D tu. Jua walikuwa nalo, chakula ndicho kilikuwa na kasoro. Mlo wa huko si mbali na wetu: wanga mwingi, maziwa haba. Ugali wa dona, udaga wa muhogo, michembe ya viazi vitamu, vyote vinashibisha lakini kalsiamu yake ni ndogo, na nafaka zisizokobolewa zina fitati inayoishika hata hiyo kidogo isifyonzwe. Mama aliyebeba mimba nne na kunyonyesha wanne ametoa kalsiamu nyingi mwilini mwake.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, mtoto wako 700. Mtoto anayepata chini ya 300 kila siku yuko kwenye hatari ya matege hata akicheza juani. Na sisi tunaoishi ufukweni tuna dawa yake sokoni Mwaloni: dagaa. Minofu ya sangara ni nyama nzuri lakini kalsiamu yake ni kidogo, kwa sababu mfupa umebaki kwenye mapanki, na kuchemsha mapanki supu hakutoi kalsiamu ya maana, mfupa haumumunyuki kwa maji ya moto. Dagaa unamla na mifupa yake. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinaweza kukupa nusu ya mahitaji yako ya siku, lakini usiwatoe vichwa, kalsiamu nyingi iko humo. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, si waliomwagwa mchangani. Kwa mtoto, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, watwange, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Vijiko viwili vya chai kwenye uji wake, asubuhi na jioni, ukiwa umeshaepua. Uji wenyewe uwe wa ulezi, una kalsiamu nyingi kuliko mahindi, na ukiuchachusha usiku mmoja fitati inapungua. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 inaongeza karibu miligramu 300. Mchicha ni mboga nzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake imefungwa na oksalati, usiutegemee kwa hili.

Turudi kwenye vidonge vyako. Dozi uliyopewa ni ya kawaida kwa kiwango chako na haizuii kunyonyesha. Imeze siku ile ile kila wiki, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana vitamini hii hufyonzwa na mafuta. Ukisahau wiki moja, usimeze viwili. Usikubali kubadilishiwa kwa sindano au dozi kubwa ya mara moja eti umalize haraka. Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Damu haibadiliki kwa siku mbili tatu, kwa hiyo kipimo cha marudio kifanyike baada ya miezi mitatu, kabla ya hapo ni kupoteza hela. Maumivu nayo huchukua wiki kadhaa kuanza kupungua, na misuli miezi. Ukivuka 20 na daktari akiridhika, hapo ndipo chupa ya kaka inapopata kazi: kidonge kimoja cha 5,000 mara mbili kwa wiki ni wastani wa yuniti 1,400 kwa siku, kinatosha kabisa kukushikilia. Ukiona kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu au kuchanganyikiwa, acha vidonge na upime kalsiamu siku hiyo hiyo. Mtu mwenye mawe ya figo au ugonjwa wa figo asianze dozi kubwa kabla ya kuonwa.

Kuhusu saratani, kisukari na kifua kikuu, muuza dawa amechukua jambo la kweli akalivuta mpaka likakatika. Ni kweli wagonjwa wa maradhi hayo mara nyingi hukutwa na vitamini D ndogo. Lakini mgonjwa hukaa ndani, hula kidogo, mwili unaopambana na ugonjwa huishusha vitamini D, na mafuta ya mwili mnene huificha. Upungufu unaweza kuwa alama ya ugonjwa bila kuwa chanzo chake. Njia ya kujua ni kuwapa watu vidonge na kusubiri, na kazi hiyo imefanyika. Marekani watu wazima 25,871 walifuatiliwa kama miaka mitano, nusu wakimeza yuniti 2,000 kila siku. Wagonjwa wapya wa saratani hawakupungua, wala wa moyo na kiharusi. Watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walijaribu 4,000 kwa siku, na tofauti na wenzao haikuwa ya kutegemewa. Kifua kikuu kilijaribiwa hapa kwetu, Dar es Salaam, kwa watu 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao vitamini D yao ilikuwa chini: haikuzuia kifua kikuu wala vifo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020. Wengi wa waliojaribiwa Marekani hawakuwa na upungufu mkubwa, hilo nalikiri, lakini wa Dar walikuwa chini. Kwa hiyo meza kwa ajili ya mifupa na misuli. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, usiongeze kidonge.

Mtoto sasa. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyojikunja kwa nje, na hubaki na matege kiasi mpaka miezi 18 au 24. Kisha miguu hugeuka, magoti yanakaribiana mpaka miaka mitatu minne, na hunyooka yenyewe karibu miaka saba. Mtoto wako yuko ndani ya umri huo. Mlaze chali, nyoosha miguu, kutanisha vifundo, pima nafasi kati ya magoti. Ikiwa chini ya sentimita sita, miguu yote miwili inafanana, anakua na anatembea, uwezekano ni mkubwa kuwa ni maumbile. Andika namba na tarehe, pima tena baada ya miezi mitatu.

Mpeleke aonwe bila kusubiri kama nafasi inazidi hapo au inaongezeka, mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, vifundo vya mikono karibu na kiganja vimenenepa kama ana vifundo viwili, mbavu zina vinundu vya mstari kifuani, utosi bado uko wazi, au alichelewa kutembea zaidi ya miezi 18. Degedege ni dharura, hata usiku, kwani kalsiamu ikishuka sana huileta. Mikono au miguu ikivimba na kuuma, apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi sana kanda hii na unaofichwa na maneno "anaumwa mifupa". Na kama mmewahi kuishi kwenye visima vya upande wa Shinyanga na kaka zake wana meno ya kahawia, taja hilo pia, floridi nayo huharibu mifupa. Usimfunge miguu kwa khanga wala kumkanda ili inyooke, mfupa laini hauhitaji kuvutwa.

Zahanati inaweza isiwe na picha, kwa hiyo omba rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, apigwe eksirei ya kiganja na goti na atolewe damu. Ikithibitika ni matege ya lishe, tiba ni yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku kwa angalau miezi mitatu pamoja na kalsiamu miligramu 500, na miguu mingi ya umri huu hunyooka bila upasuaji. Isipothibitika, yuniti 600 kwa siku za kinga zinamtosha, na kichanga cha chini ya mwaka 400. Endelea kumnyonyesha, ila maziwa ya mama yana vitamini D ndogo sana, hasa ya mama mwenye 14. Ukinunua matone, soma chupa mbele ya mfamasia: kuna yanayobeba yuniti 400 kwenye tone moja na mengine 400 kwenye mililita nzima. Mama akizichanganya, anampa mtoto dozi ya mwezi mzima kwa siku moja.

Siku mtakayokwenda, beba chupa zote mbili, karatasi ya kipimo chako, kadi ya kliniki ya mtoto na ile namba uliyoipima kati ya magoti.